Mhuri Bila Sindano

Kaka yangu mkubwa na mimi tunasalimiana vizuri. Nikifika nyumbani Butiama ananipokea mzigo, ananiuliza habari za Musoma na shule imefunga lini, nami namjibu. Mtu akituona atasema hawa ndugu wanapatana. Lakini kuna jambo moja hatuligusi. Mimi sijalisamehe, na nimechoka kuambiwa na watu wa ukoo kwamba lilikuwa jambo la mbwa tu.

Mbwa mwenyewe nilimtoa Mugango. Mwenzangu wa kazini kwao ni huko, na jike lao lilizaa watoto sita nyuma ya banda la dagaa. Akaniletea mmoja ndani ya ndoo, jike la kahawia lenye kifua cheupe, umri miezi miwili kasoro. Mimi naishi Kitaji, hapo Musoma mjini, nimepanga vyumba viwili, na mwenye nyumba hataki mbwa. Nilikaa naye siku nne. Siku ya tano mwenye nyumba akapiga hodi, nikamtia mbwa kwenye kikapu nikampeleka kwa mama Butiama, karibu kabisa na Mwitongo. Baba alishafariki. Mama anaishi pale na kaka, mke wa kaka, ng'ombe wa kaka, na mbwa wawili wa kuchungia. Nilimwambia mama kwamba huyu ni wake, alale mlangoni kwake. Mama akamshika shingoni, akamfunua mdomo kutazama meno, akasema ni kadogo lakini kana roho.

Wiki hiyohiyo bwana mifugo wa kata alikuwa anapita vijijini na chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa akapelekwa pamoja na mbwa wa kaka, akachomwa sindano, akapewa kadi ya njano iliyosema arudi baada ya mwaka. Kaka aliichomeka nyuma ya kalenda ya parokia, na kwake habari ikaishia hapo.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari. Mtaani wananiita mwalimu na nimeacha kuwasahihisha. Kazi yangu ni kuandaa majaribio, kuosha vyombo vya kioo, kutunza kemikali, na kulinda friji. Friji naijua. Najua kwamba umeme ukikatika kutwa nzima kilichokuwa baridi kinapata joto, ukirudi kinapoa tena, na ukikitazama kwa macho huoni tofauti yoyote. Ninasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa naogopa ovyo, kama kaka alivyokuja kusema baadaye.

Mwezi uliofuata shule ilinituma Bunda kuchukua vifaa. Nilipomaliza nikaingia duka moja la dawa za mifugo kutafuta dawa ya viroboto. Mwenye duka alikuwa daktari wa mifugo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliniuliza mbwa ana umri gani na alichanjwa lini. Nilipomjibu, akaiweka chini ile dawa ya viroboto.

"Alichanjwa kabla ya miezi mitatu," alisema. "Hiyo ihesabu kama haikuwepo."

Alinieleza taratibu, bila haraka ya mtu mwenye wateja. Mtoto wa mbwa huwa bado na kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama yake, na kinga hiyo inaweza kuiua nguvu chanjo kabla haijafanya kazi. Arudiwe akifikisha miezi mitatu, kisha arudiwe tena baada ya mwaka. Baada ya hapo ndipo mwenye mbwa anachagua. Akakunjua karatasi iliyokuja na dawa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Aina aliyokuwa nayo yeye, waliotengeneza walisema mbwa mkubwa aliyekwisha kurudiwa anaweza kukaa hadi miaka mitatu. Aina nyingine zilikuwa za kila mwaka. Nikamuuliza yeye angechagua ipi.

"Karatasi hii imeandikwa na watu ambao friji zao hazizimiki, na mbwa wao wanalala ndani," alisema. "Mimi hapa nawaambia watu kila mwaka. Lakini mbwa ni wako."

Nilitafakari njia nzima ya kurudi. Mwaka au miaka mitatu. Miaka mitatu ilinivutia, sikatai, maana kumtoa mbwa Butiama hadi Bunda si kazi ndogo. Lakini katika miaka mitatu kadi inapotea, mtu anahama, mtu anakufa, na hakuna anayekumbuka. Mwaka mmoja unakumbukwa wenyewe kama msimu wa kupanda. Halafu nikafikiria zile friji zote ambazo kichupa kimepitia kabla ya kufika mkononi mwa daktari. Nikaamua kila mwaka.

Jumapili, baada ya misa, niliwaeleza nyumbani. Mama alinisikiliza akiendelea kumenya mihogo. Kaka alicheka. Alisema bwana mifugo ameshaandika mwaka mmoja kwenye kadi, sasa mimi natoka wapi na sindano ya mwezi ujao.

"Mbwa zetu zilikuwaga hazichanjwi hata mara moja," alisema, "na zilikuwaga zinazeeka. Wewe ukishasoma kitu Musoma unataka kutuletea huku."

Nilimwambia habari ya maziwa ya mama. Nilimwambia pia, kwa uaminifu wangu wote, kwamba karatasi ya dawa inaruhusu miaka mitatu lakini mimi nimechagua mwaka kwa sababu hizi na hizi. Laiti ningenyamaza kuhusu hiyo miaka mitatu. Kaka aliishika palepale, akaiweka akilini, na mimi sikujua.

Basi nikafanya nilichosema. Mbwa alipofikisha miezi mitatu nilimpakia kwenye gari dogo la mtu aliyekuwa anapeleka mihogo Bunda, nikampakata njia nzima, akanitapikia sketi. Daktari akamchoma, akabandua stika ya kichupa akaibandika kwenye kadi, ile yenye namba ya dawa, akatia saini. Mwaka uliofuata nilifanya vilevile. Safari hiyo mbwa alikuwa mkubwa, amejaa, na alikaa wima kwenye gari akitazama mbele. Mama alikuwa amempenda sana kufikia wakati huo. Mbwa alikuwa akimfuata shambani, na mama akikaa kupumzika alilaza kidevu juu ya kandambili yake.

Mwaka wa tatu wa kadi ulipofika, kidato cha nne walikuwa kwenye mitihani ya vitendo. Sikuweza kutoka shuleni hata nusu siku. Nilimpigia kaka kumwambia kwamba nitachelewa wiki tatu hivi. Akasema bwana mifugo anakuja kijijini wiki hiyohiyo, atampeleka mbwa yeye mwenyewe.

"Usijisumbue, dada," alisema. "Fanya kazi yako."

Neno hilo lilinigusa. Nilidhani kaka amenielewa hatimaye. Siku tano baadaye akanitumia picha ya kadi kwenye simu. Mhuri upo, tarehe ipo, saini ipo. Nikamjibu asante kaka, nikaendelea kuosha mirija ya majaribio nikiwa na amani.

Miezi kadhaa ikapita. Ijumaa moja mchana, nikiwa maabara, kaka akapiga. Alisema mama ameng'atwa na mbwa kidogo. Nikauliza mbwa gani. Akaeleza kwamba mbwa asiyejulikana aliingia uwanjani akiwa anapepesuka, mate yanamtoka, akamvamia mbwa wetu mlangoni. Wakaumana kweli. Mama alikuwa peke yake. Akachukua mpini wa jembe akampiga yule mgeni, kisha akaingiza mkono kumvuta wetu shingoni. Katika vurugu ile wetu akageuka akamuuma mama mkono. Majirani wakamfukuza yule mbwa mgeni wakamuua kwa mawe, wakamzika.

Nilimuuliza kidonda kimeoshwa na nini. Akasema mama amepaka mafuta ya taa. Nikamwambia aoshwe sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, hata akilalamika, kisha apelekwe zahanati. Halafu nikasema, na maneno haya nayakumbuka yalivyotoka, "Afadhali mbwa wetu amechanjwa."

"Ndiyo," kaka alisema. "Amechanjwa."

Alikuwa na nafasi pale. Ilikuwa mchana kweupe, mama yuko karibu naye, kidonda kinatoka damu. Angeweza kusema. Mara ya kwanza alidanganya kwa picha. Mara hii alidanganya kwa mdomo wake, akijua ni mkono wa nani.

Zahanati mhudumu aliomba kadi. Kaka akampa. Mhudumu akasoma mhuri, akaona mbwa yuko ndani ya mwaka wake, akasema chanjo ya binadamu hapo haipo, ila kwa kuwa mbwa amechanjwa na kidonda kimeoshwa, hakuna haraka ya kumsafirisha mama. Wamchunguze mbwa, wiki ijayo wapite tena. Akamfunga mama kidonda akamruhusu. Simlaumu mhudumu sana. Pengine angeuliza zaidi kuhusu yule mbwa mgeni. Lakini alisoma alichopewa, na alichopewa kilikuwa uongo wenye mhuri.

Nilifika Jumamosi saa nne asubuhi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage kwa mkono mmoja. Nikaufungua ule mwingine. Chini kidogo ya kiwiko kulikuwa na matundu mawili yaliyovimba na mkwaruzo mrefu. Akasema haumi, na jasho lilikuwa linamtoka mdomo wa juu. Mbwa alikuwa amefungwa kamba kwenye mti wa uani, sikio limechanika.

Nikamwomba wifi yangu kadi. Nilitaka tu kuona tarehe, nijue cha kuwaambia hospitali Musoma nikipiga simu. Mstari wa kwanza bwana mifugo alikuwa ameandika namba ya dawa kwa mkono. Mstari wa pili na wa tatu, stika za daktari wa Bunda. Mstari wa nne ulikuwa na mhuri, tarehe na saini, na kwenye nafasi ya dawa hapakuwa na kitu. Nikatoa simu, nikaitafuta ile picha ya zamani, nikaivuta iwe kubwa. Palepale, nafasi tupu. Ilikuwa kwenye simu yangu muda wote huo. Mimi ambaye kazi yangu ni kusoma vibandiko vya chupa, niliitazama nikasema asante kaka.

Nikamtuma wifi amwite mumewe malishoni. Alikuja haraka, amevaa kofia yake ya kitambaa, fimbo mkononi. Nikamshikia kadi mbele ya uso.

"Kaka, namba ya dawa iko wapi hapa?"

Alisema huenda bwana mifugo alisahau.

"Mbwa alichomwa au hakuchomwa? Mama ameng'atwa. Niambie."

Alivua kofia. Alimtazama mama, si mimi.

"Hakuchomwa," alisema.

Kisha akaeleza, na nilivyozidi kumsikiliza ndivyo masikio yangu yalivyozidi kupata moto. Siku ile ilikuwa siku ya josho, ng'ombe wote wanaogeshwa, na mbwa alikataa kukamatwa. Mtendaji wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba kila mwenye mbwa aonyeshe kadi. Kaka akamkuta bwana mifugo palepale kwenye josho, akamwambia mbwa wake wamefungwa nyumbani, wazima, wanasubiri, amgongee mhuri asije akasumbuliwa, kesho atawaleta. Bwana mifugo akagonga. Kesho haikuja. Na si mbwa wa mama peke yake. Hata wale wawili wa kuchungia hawakuchomwa.

"Wewe mwenyewe ulisemaga karatasi inasema miaka mitatu," kaka alisema. "Nikaona kuruka mara moja hakumdhuru mtu."

Alikuwa amechukua maneno yangu, yale niliyoyasema ili nisimfiche kitu, akayageuza kuwa kibali. Kama angenipigia akaniambia dada, nimeshindwa kumkamata, nimeamua tumhesabie miaka mitatu, tungegombana yakaisha. Ningekuja mwenyewe. Uamuzi wa miaka mitatu si dhambi. Daktari mwenyewe aliniwekea mezani nichague. Lakini kaka hakuchagua ratiba. Hakuchomesha, akaandika kwamba amechomesha, na mtu wa zahanati akamrudisha mama yetu nyumbani kwa maandishi hayo.

Na alikuwa anajua. Hili ndilo linalonichoma hadi leo. Nilipokuwa darasa la tano, binti wa jirani niliyekaa naye dawati moja aling'atwa mguuni na mbwa akitoka kuchota maji. Wakampaka dawa ya mizizi, kidonda kikafunga, tukasahau. Baada ya wiki nyingi akaanza kukataa kikombe. Ukimsogezea maji koo linamkaza, anapiga mayowe, anawasukuma watu wazima kama watoto. Waliitwa wanaume wanne kumshika, na kaka, aliyekuwa kijana wa kidato cha tatu, alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani hakula. Alikaa nje ananawa mikono, anamwaga, ananawa tena. Binti alifariki siku ya tatu. Mimi sikuruhusiwa kumwona; niliyoyaeleza hapa nilisimuliwa na kaka mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwa sauti ya chini.

"Wewe ulimshika yule binti miguu," nilimwambia. "Ulimshika kwa mikono hiyo."

Uso wake ulibadilika nikaona nimempiga pabaya, na sikujali. Nilikuwa na maneno mengine tayari. Mama ndiye aliyetukatiza.

"Basi," alisema, akasimama, maharage yakamwagika. "Nani ananipeleka hospitali?"

Tulipata gari, tukafika Musoma mchana. Muuguzi aliosha kidonda upya, akauliza mbwa mgeni yuko wapi. Nilipomwambia ameshazikwa bila kupimwa, akasema basi mama atamaliza sindano zote, hata kama mbwa wetu atabaki mzima, kwa sababu hatujui mate ya yule mwingine yalifika wapi. Akamchoma ya kwanza, nyingine pembeni ya kidonda, akaandika siku za kurudi kwenye kikaratasi. Nilikisoma mara tatu. Kisha nikamwomba anionyeshe kichupa. Alinitazama kwa mshangao lakini alinionyesha, nami nikasoma namba yake kwa sauti, taratibu, mbele ya watu.

Mama akakaa kwangu Kitaji hadi sindano zilipokwisha. Hakupenda. Alisema ukiamka huna pa kwenda ila kusikiliza redio za majirani. Akafua hata nguo nilizokwisha kufua. Mimi kila nikirudi kazini nilikuwa na jambo jipya la kusema juu ya kaka, na yeye alikuwa akimtetea kila mara: kazi za ng'ombe ni nyingi, mwanaume hafanyi kila kitu, yeye ndiye aliyeosha kidonda kwa maji robo saa nzima kama nilivyosema, alikuwa anahesabu. Siku moja nilisema sana. Akaweka kijiko chini.

"Mwanangu," alisema, "jino la mbwa limepoa. Hasira yako ndiyo inaniuma sasa."

Niliomba radhi. Lakini moyoni nilimkasirikia hata yeye. Mimi ndiye niliyehangaika na mbwa hadi Bunda, na bado aliyetetewa ni yule aliyekaa karibu.

Daktari wa Bunda nilimpigia siku ileile ya Jumamosi. Aliuliza swali moja kabla ya yote: mbwa aliyemchoma mara mbili Bunda ni huyuhuyu? Nikasema nilimshika mwenyewe. Akasema basi ana nafasi. Achomwe tena mara moja, kesho ikiwezekana, kisha atengwe na kuangaliwa mwezi na nusu, asiguswe na mtu. Angekuwa hajawahi kuchanjwa kabisa angeniambia auawe. Jumapili alikuja mwenyewe na boksi la barafu, akawachoma wote watatu.

Kaka alikuwa ametaka kumuua mbwa wa mama yaishe. Nilikataa, na nakiri kwamba sababu yangu haikuwa huruma. Nilitaka mbwa aishi pale ili kaka amwone kila siku. Mbwa akifa na ushahidi unakufa, watu wanaanza kusema ilikuwa ajali. Kaka hakubishana. Alichimba mashimo, akasimika nguzo, akamjengea uzio mdogo wenye paa la bati, na kwa mwezi na nusu alimsukumia chakula na maji kwa mpini mrefu. Mama aliniambia alikuwa akisimama pale kila asubuhi kabla ya kufungua ng'ombe, anamtazama mbwa akinywa maji. Anasubiri amalize, ndipo anaondoka.

Bwana mifugo nilimfuata ofisini kwake. Alinikaribisha kwa heshima, akafuta kiti. Nikaweka kadi mezani.

"Mwalimu," alisema, "mtu mzima akikwambia mbwa wake wako nyumbani, utamwita mwongo?"

Nilimuuliza kazi yake ni kugonga mhuri au kuchoma sindano. Alisema alikusudia kupita kesho yake, dawa ikaisha. Nikamuuliza ni kadi ngapi nyingine aligonga kwenye josho siku ile bila kuona mbwa. Akafunga daftari lake, akaliweka kwenye mtoto wa meza, akasema ana kikao. Niliandika barua kwa wakubwa wake, nikaambatisha picha ya kadi. Sijajibiwa. Mwaka huu nimesikia bado anazunguka na mhuri uleule, na watu wanampenda kwa sababu hasumbui.

Mbwa hakuugua. Mwezi na nusu ukaisha, daktari akasema afunguliwe lakini tuendelee kumwangalia, akafunguliwa, akaenda moja kwa moja kwa mama. Mama naye alimaliza sindano zake, mkono ukabaki na makovu mawili. Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini siku ileile ya kumfungua, kaka alisimama kando ya uzio uliobaki mtupu akasema, si kwa kunitania, alisema kama mtu aliyetua mzigo:

"Unaona. Kumbe alikuwa bado na nguvu."

Na huenda ni kweli. Huenda karatasi ilikuwa sahihi na chanjo ya mwaka wa nyuma ilikuwa bado inamlinda. Huenda yule mbwa mgeni alikuwa mgonjwa wa kitu kingine. Hakuna atakayejua. Kaka alipata bahati, na bahati imempa sura ya mtu aliyekuwa na haki, na mimi sina neno la kumjibu ambalo halinifanyi nionekane nilitaka mama afe ili nishinde. Nilichukua mkoba wangu nikaenda kusubiri gari barabarani, saa mbili kabla ya wakati.

Mwaka huu tarehe ilipokaribia, daktari wa Bunda aliniuliza tena, maana ni kawaida yake kuuliza. Mbwa sasa ana sindano za kutosha; nikitaka naweza kumpeleka kwenye miaka mitatu, hata yeye hatanilaumu. Nikamwambia kila mwaka, na aandike hivyo kwa wale wawili wa kuchungia pia. Sikumuuliza kaka. Nilichukua ruhusa shuleni mapema, nikakubaliana na daktari siku, nikafika Butiama kabla yake.

Nilimkuta kaka amekwisha kuwafunga mbwa wote watatu kwenye kivuli cha ghala. Ng'ombe walikuwa bado zizini, wanalia njaa. Daktari alipofika, kaka alipiga goti akawashika vichwa mmoja baada ya mwingine, akiwaziba macho kwa kiganja. Stika zikabandikwa. Akazichukua kadi, akaziangalia kila moja, polepole, akanipa mimi. Nilizitia kwenye mkoba wangu badala ya kuzirudisha nyuma ya kalenda, na aliona.

"Mwaka kesho je?" aliuliza.

"Nitakuja mwenyewe."

Alitikisa kichwa kukubali. Nilimsubiri aseme jambo jingine. Alikung'uta magoti, akachukua fimbo, akaenda kuwafungulia ng'ombe.